Mafunzo Niliyopata Nikitafuta Vipuri vya Volkswagen ya Baba

Volkswagen ya baba ni 1300 ya mwaka 1966. Namba ya chesisi yake, iliyogongwa chini ya kiti cha nyuma, inaanza na 116. Baba aliinunua mwaka 1971, si mpya, akaiendesha mpaka macho yalipomkataza. Alipofariki ilibaki uani kwa shangazi, Kariakoo, Dar es Salaam, upande ule wa kuteremkia Jangwani, matairi yamelala na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka 2009 niliwaomba ndugu zangu waniachie niifufue. Walikubali upesi, maana wao waliona chuma chakavu tu.

Nilidhani shida itakuwa fundi na rangi. Fundi nilimpata ndani ya siku tatu, na rangi ipo kila kona. Kilichonila miaka ni vipuri.

Injini ya gari hili haipozwi kwa maji. Haina rejeta wala pampu ya maji. Feni huvuta hewa na kuisukuma kwenye mapezi ya silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande. Gari la mwisho la aina hii lilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, likiwa la 21,529,464. Idadi hiyo inamdanganya mtu. Anadhani gari lililotengenezwa kwa mamilioni, vipuri vyake vitakuwa kila duka. Vipuri vipo, ila katika miaka yote hiyo vilibadilishwa mara nyingi, na cha mwaka huu hakikubali kuingia kwenye gari la mwaka ule. Hayo niliyajua baadaye, kwa hela yangu.

1. Maandishi ya mgongoni hayasemi kilichomo ndani

Nyuma ya gari pameandikwa 1300. Kwa hiyo nilikwenda mtaa wa Gerezani kutafuta pistoni na silinda za 1300, kipenyo milimita 77. Nilizunguka wiki mbili. Nikazipata kwa muuzaji aliyezihifadhi chini ya kaunta, kwenye boksi ambalo kadibodi yake ilikuwa inamomonyoka kwa uzee. Nililipa bila kubishana.

Fundi wangu ni mzee aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa. Alipofungua injini hakuzigusa pistoni zangu. Alichukua vernia, akapima, akanipa nisome mwenyewe: milimita 85.5.

"Mwanangu," akaniambia, "injini hii si ya gari hili."

Alichukua kitambaa chenye petroli akafuta chuma chini ya dinamo. Ikatokea namba, na mbele yake herufi B. Ilikuwa injini ya Kombi, sisi 1600. Kisha akanionyesha kitu ambacho mpaka leo nakionyesha kwa wageni wangu. Ndani ya kava la giaboksi, pale flaiwili inapozungukia, palikuwa na alama za tupa. Gari la 1966 lilikuwa la volti 6, na flaiwili yake ina meno 109. Injini za volti 12 zilizofuata zina flaiwili kubwa zaidi, ya meno 130. Ile kubwa haiingii kwenye kava la zamani. Kuna mtu alikaa chini akakwangua chuma kwa mkono mpaka ikaingia. Klachi nayo ilikuwa imebadilika, kutoka milimita 180 kwenda 200, na mimi tayari nilikuwa nimeshanunua diski ya 180.

Mama ndiye aliyemalizia hadithi. Injini ya kwanza ilikufa mwaka 1979. Zamani vipuri vilikuwa vinakuja kutoka Nairobi, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Baba akapata injini ya Kombi iliyopinduka njia ya Morogoro, na fundi mmoja wa Ilala akaitia kwa tupa. Usafiri wetu wote wa utotoni, kwenda shule, kwenda Muhimbili, kwenda Bagamoyo kwenye misiba, uliendeshwa na ile tupa.

Kitu cha kwanza cha kununua, kabla ya kipuri chochote, ni vernia. Cha pili ni daftari.

2. Usitaje gari, taja namba

Kariakoo huwezi kutembea hatua ishirini na chuma kibovu mkononi bila winga, yaani dalali wa mtaani, kukufuata. Sina ugomvi na mawinga. Wanakula kwa miguu yao, na wamenisaidia mara nyingi. Ila winga hana mali, ana haraka. Ukimwambia "beringi ya Volkswagen ya zamani" atakuletea kinachofanana, ameshaweka cha juu chake, na wewe utafika gereji ndipo uone tundu halikubali.

Nilihitaji beringi ya gurudumu la nyuma. Kila nilipotaja Volkswagen, ama muuzaji alitikisa kichwa ama bei iliruka. Nilirudi kwa mzee nimechoka. Akaipokea beringi mbovu, akaisugua pembeni kwa kidole gumba, akanisomea: 6306.

"Nenda na namba hii. Usiseme ya gari gani."

Beringi yenye namba 6306 ina tundu la milimita 30, kipenyo cha nje 72, unene 19, iwe imetengenezwa Ujerumani, Japani au India. Nilikwenda kwenye duka la beringi wanakonunua wenye mashine za kusaga na mota za pampu. Zilikuwa kwenye shelfu, za makampuni mawili, nikaambiwa nichague. Nilikuwa nimeitafuta mwezi mzima nikipita mbele ya duka hilohilo.

Oili sili nazo ni hivyohivyo, zina vipimo vitatu vilivyochapwa kwenye mpira wake, na mikanda ya feni ina urefu ulioandikwa mgongoni. Daftari langu sasa lina kurasa sita za namba za namna hiyo. Nikiingia dukani nasoma namba, sisimulii historia ya gari.

Vipuri vyenyewe vya Volkswagen vina lugha yao. Namba ya kila kimoja ni tarakimu tisa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza linataja aina ya gari. La pili linataja sehemu, na tarakimu yake ya mwanzo ndiyo kundi: 1 injini, 3 giaboksi, 4 ekseli ya mbele, 6 magurudumu na breki, 8 bodi, 9 umeme. Mwishoni huweza kuwepo herufi inayoonyesha kipuri kimefanyiwa marekebisho. Ukijua hilo, hata chuma kilichookotwa kwenye rundo la Shauri Moyo, ilimradi namba yake haijafutika, kitakueleza kinatoka wapi.

3. Tarakimu moja inaweza kukuletea usukani wa upande mwingine

Binamu yangu anaishi Ujerumani. Nilimwomba boksi ya usukani, akaipata, akalipia, akaituma kwa mtu aliyekuwa anakuja likizo. Tuliifungua kwa shangwe. Namba yake ilianza na 113.

Yangu ni 114. Namba inayoishia na tarakimu witiri katika fungu lile la kwanza ni ya gari lenye usukani kushoto. Shufwa ni ya kulia. Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara, usukani uko kulia, na Ujerumani, Brazil na Mexico wote ni kinyume chetu. Injini, giaboksi, milango, hayo yanaingiliana. Boksi ya usukani, pedeli na dashibodi havikubali.

Iliyofaa nilikuja kuipata kwa njia ya Afrika Kusini. Kule Uitenhage walitengeneza Volkswagen hizi kuanzia 1951 hadi 1979, na wao wanaendesha upande wetu. Nashangaa ni watu wachache kiasi gani wa Dar wanaoanza kutafuta kule. Wote tunakimbilia Ulaya, na malori ya kutoka kusini yanapita Tunduma kila siku.

4. Yale mabati si mapambo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoua injini.

Ukifungua mlango wa nyuma wa gari hili unaona mabati meusi yameizunguka injini kila upande: moja kubwa linalofunika feni, mengine juu ya silinda, mengine chini yake ambayo huyaoni mpaka ulale mgongoni, na utepe wa mpira unaoziba nafasi kati ya injini na bodi. Injini ilipofunguliwa tulikusanya mabati yote, tukagundua mawili ya chini hayapo na mpira wa pembeni umeoza. Mzee akasema tusubiri. Mimi nilikuwa na haraka, kulikuwa na harusi ya mdogo wangu na nilitaka bi harusi apande gari la baba. Nikamwambia tutayatafuta baadaye.

Tulifika Mbagala salama. Kurudi, kwenye foleni ya Mtoni, jua la saa nane, nikasikia mlio kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko. Kisha ikazima.

Ilikuwa silinda namba tatu. Valvu ya kutolea moshi ilikatika kichwa, kikadondokea kwenye pistoni. Mzee hakunilaumu, alinifundisha. Kazi ya mabati ni kuilazimisha hewa baridi ipite kwenye mapezi ya silinda na isipate njia nyingine. Hewa ikishapata joto inatokea chini. Mabati ya chini yakikosekana, au mpira wa kuzunguka ukiwa umeoza, ile hewa ya moto inarudi juu, feni inaivuta tena, na injini inapumua pumzi yake yenyewe. Namba tatu ndiyo inayoteseka kwanza, kwa sababu katika injini hizi za zamani kipoza oili kimesimama juu yake ndani ya kava la feni, kwa hiyo hewa inaifikia ikiwa imeshapashwa na oili. Volkswagen wenyewe walikihamisha kipoza oili kwenye modeli za 1971.

Mafundi wengi wa hapa huyatoa mabati hayo. Wanasema nchi yetu ni ya joto, injini iachwe wazi ipate upepo. Kwa injini ya rejeta hoja hiyo ingekuwa na uzito. Kwa hii ni kumfunga mtu shuka usoni na kumwambia akimbie. Na wanatoa pia thamostati, ile inayofungua vibao vya hewa injini ikipata moto. Thamostati ukiitoa hakikisha vibao vimebaki wazi kabisa, la sivyo umeifunga hewa kwa mkono wako.

Mabati mawili yaliyokosekana tuliyapata yakifanya kazi ya kuzibia banda la kuku Buguruni. Yalikuwa na kutu lakini hayakuwa na tundu. Mwenye banda alitudai bati jipya, tukampa, na akatushukuru.

5. Mpira wa zamani haufai, hata uwe kwenye pakiti

Watu wa magari ya zamani tuna ugonjwa wa kupenda kipuri kilichokaa dukani tangu enzi hizo, bado na karatasi yake. Kwa chuma, sawa. Kwa mpira, hapana. Nilinunua mpira wa petroli wa namna hiyo, uliosokotwa kwa nje kama ule wa asili, nikajiona nimepata dhahabu. Baada ya wiki tatu, karibu na Mnazi Mmoja, nikasikia harufu. Nilisimama, nikafungua nyuma, petroli ilikuwa inadondoka juu ya giaboksi, sentimita chache kutoka kwenye waya za plagi.

Magari haya mengi yameungua kwa sababu hiyo, na vipande vya mpira wenyewe ni bei ya soda chache. Nunua mpya kwa mita, kata, badilisha kila mwaka, na usisahau kipande kifupi kinachotoka kwenye tangi mbele. Kizima-moto kiwe ndani ya gari, si nyumbani.

6. Breki hazinunuliwi mtumba

Gari la 1966 lina mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki. Silinda moja ya gurudumu ikivuja, pedeli inaenda chini na magurudumu yote manne hayana kitu. Masta silinda mpya, silinda za magurudumu mpya, mipira mipya. Sina la kuongeza.

7. Kinachochongeka, kichongeshe hapa

Kabureta yangu ni Solex 30 PICT. Ekseli ndogo inayobeba kile kibao cha hewa ilikuwa imelegea kwenye matundu yake, hewa inaingia pembeni, injini haitulii ikiwa imesimama. Niliagiza kabureta mpya ya kuigiza. Ilikuwa inang'aa. Haikufikisha miezi miwili. Kielea kilijaa petroli na jeti zake zilikuwa na matundu yasiyolingana na maandishi yake.

Nikaichukua ile ya zamani mpaka kwenye karakana ya kuchonga vyuma Gerezani. Kijana wa kule alipanua matundu mawili, akatia bushi za shaba nyeupe, akachonga upya ekseli, kazi ya mchana mmoja. Inafanya kazi mpaka leo. Gasketi za karatasi tunakata wenyewe kwa mkasi na nyundo ndogo. Sailensa imeundwa Keko. Nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ya milimita 36, inafungwa kwa nguvu ya karibu nyutonimita 300, na kwa kuwa hapakuwa na spana ya kutosha tukachomelea bomba la mita moja kwenye soketi. Afadhali bomba kuliko patasi. Patasi imeharibu nati nyingi na hatimaye madramu yenyewe yakala meno ya ekseli.

Nimekuja kuamini kwamba kipuri bora mara nyingi ni kile kilichotoka na gari kiwandani, kikipata mtu wa kukirekebisha. Chuma chake kilikuwa kizuri. Kilichochakaa ni robo milimita tu.

8. Maji ya Msimbazi hayasubiri

Desemba 2011 gari lilikuwa kwenye gereji ya bonde la mto Msimbazi, mita chache kutoka daraja la Jangwani, limeshapakwa rangi ya msingi. Kila mtu wa mji huu anaikumbuka mvua ya mwezi ule na mafuriko yake. Watu walipoteza maisha na nyumba, na serikali ikahamishia familia nyingi Mabwepande. Mbele ya hayo, gari si kitu, na kwa wiki tatu sikwenda hata kulitazama. Tulikuwa na jamaa zetu waliolala kwetu.

Nilipokwenda, tope lilikuwa limefika kwenye usukani. Lakini nililojifunza ni kwamba maji yenyewe hayakuharibu sana. Kilichoharibu ni zile wiki tatu. Kreta ya injini hizi, yaani ganda lake, imetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, nyepesi ajabu, na tope likikaa juu yake linaila kama chumvi inavyokula ukuta. Beringi za 6306, zilizokuwa mpya kabisa, zilikuwa zimeganda. Sakafu chini ya kiti cha nyuma, pale betri inapokaa na ambapo asidi ilikuwa imeshaanza kazi, ilitoboka.

Gari likizama, lifunguliwe siku hiyohiyo ukiweza. Mwaga oili yote, safisha kwa dizeli, tia oili mpya, zungusha kwa mkono. Vipuri vya akiba usiviweke chini. Vyangu sasa viko juu ya dari, kila kimoja kimepakwa grisi, kimefungwa gazeti, na nje nimeandika namba. Bonde lile limefurika tena mara kadhaa tangu wakati huo. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi imeingiliwa na maji. Gari halikai tena Jangwani mvua zikianza.

9. Chuma chakavu kinakula kumbukumbu

Lilipowaka kwa mara ya pili, mwaka 2014, mama aliomba apelekwe Kivukoni akaone bahari. Hakusema neno njiani. Alishika kile kishikio cha mbele ya kiti cha abiria, kama alivyokuwa akikishika zamani.

Volkswagen hizi zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, zikipita tope la Kenya, Uganda na Tanganyika. Walimu, manesi na makarani wa kizazi cha kwanza cha Uhuru walinunua za kwao kwa mkopo na kwa kujinyima. Mabaki yake hayako makumbusho. Yako kwenye mabanda, nyuma ya majiko, chini ya miembe ya Magomeni, Ilala na Temeke, na kila wiki kijana mwenye mkokoteni anapita anauliza kama kuna chuma. Kreta, vichwa vya silinda, yote yanapimwa kwa kilo na kuyeyushwa.

Simlaumu kijana wa mkokoteni. Nakuomba wewe mwenye nyumba. Ikiwa nyuma ya jiko la babu kuna injini imelala, kabla hujaiuza, chukua kitambaa na petroli, futa chini ya dinamo, andika namba utakayoiona, uipeleke kwa mafundi wa Gerezani waulizane. Pistoni zangu za milimita 77, zile nilizokosea kununua mwaka 2009, ziko juu ya dari zimefungwa gazeti. Mwenye 1300 ambayo bado ina injini yake ya asili aje azichukue. Sitamdai.